Alexander Graham Bell na Kipimo cha Sauti

Tuseme baba yako amevuna pamba vizuri, akaamua kununua kikuza sauti, yaani amplifaya, pamoja na spika mbili za kusikilizia muziki nyumbani. Mnakwenda dukani, mjini Geita au Shinyanga. Muuzaji anaweka mezani amplifaya mbili. Moja imeandikwa wati 20, nyingine wati 40, na bei ya hiyo ya pili ni karibu mara mbili. Je, sauti yake nayo itasikika mara mbili? Wengi hudhani hivyo, wakatoa fedha zao. Sivyo ilivyo. Ili uijue sababu, soma kwanza habari za mtu ambaye jina lake limo katika kipimo cha sauti.

Alexander Graham Bell alizaliwa tarehe 3 Machi, 1847, katika mji wa Edinburgh, nchini Uskoti. Baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi. Mama yake alipenda kupiga piano, lakini alikuwa hasikii vizuri. Watu walisema naye kwa kupaza sauti ndani ya bomba aliloliweka sikioni. Bell alikuwa na njia yake. Alisogeza mdomo karibu na paji la uso la mama yake, akasema kwa sauti nzito ya chini, na mama akamwelewa. Maana sauti ni mtikisiko, na mtikisiko hupita hata katika mfupa. Ukiweka kiganja juu ya ngoma inayopigwa, utausikia mtikisiko huo kwa mkono wako.

Ndugu wawili wa Bell walikufa kwa kifua kikuu, mmoja mwaka 1867, mwingine mwaka 1870. Wazazi wakaogopa kumpoteza na huyu aliyebaki, wakahama naye kwenda Kanada. Mwaka 1871 Bell alikwenda Boston, Marekani, kufundisha viziwi. Mmoja wa wanafunzi wake, Mabel Hubbard, aliolewa naye mwaka 1877. Bell alitaka viziwi wote wajifunze kusema kwa kinywa, akapinga lugha ya alama isitumike shuleni. Hapo alikosea, na viziwi wengi walinyimwa lugha yao kwa sababu ya mawazo ya namna hiyo. Leo Tanzania ina lugha yake ya alama.

Mwaka 1874 Bell alifanya jaribio la ajabu. Daktari mmoja alimpatia sikio la mtu aliyekufa. Bell alifunga kijiti cha nyasi kavu kwenye vifupa vya sikio hilo, kisha akasema kwa nguvu ndani yake. Kiwambo cha sikio kilitikisika, vifupa vikatikisika, na kijiti kikachora mawimbi juu ya kioo kilichopakwa masizi. Bell akawaza: ikiwa ngozi nyembamba namna hii yaweza kusogeza vifupa, kiwambo kikubwa zaidi chaweza kusogeza kipande cha chuma mbele ya sumaku, na mkondo wa umeme ukabadilika kama sauti inavyobadilika. Kwa wazo hilo, akisaidiwa na fundi wake Thomas Watson, aliunda simu. Maneno ya kwanza yaliyoeleweka yalipita katika waya tarehe 10 Machi, 1876.

Lakini simu hiyo ilikuwa na udhaifu. Sauti ilififia kadiri waya ulivyorefuka, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kuikuza njiani. Mwaka 1906 Mmarekani mwingine, Lee de Forest, aliunda vali yenye ncha tatu. Baadaye vali hiyo ilipotengenezwa vizuri zaidi, mkondo dhaifu ulioingia uliweza kuuongoza mkondo wenye nguvu zaidi unaotoka. Amplifaya yo yote hufanya kazi hiyo, ingawa siku hizi hutumia transista. Tarehe 25 Januari, 1915, Bell, akiwa mzee wa miaka 67, alisema kutoka New York, na Watson akamsikia San Francisco, zaidi ya kilomita 5,000 kwa waya.

Bell alifariki tarehe 2 Agosti, 1922, huko Kanada. Wakati wa maziko yake simu za Amerika ya Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja. Miaka michache baadaye wahandisi wa simu walikiita kipimo chao beli kwa heshima yake. Sehemu moja ya kumi ya beli ni desibeli.

Sasa turudi dukani. Wati zikiongezwa mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, nalo sikio huona tofauti ndogo. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, huhitajika desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi! Kwa hiyo baba asitazame amplifaya peke yake. Spika nazo hutofautiana. Moja ikipewa wati 1 hutoa desibeli 86 kwa umbali wa mita 1. Nyingine hutoa 92. Spika hii ya pili kwa wati 10 hulia sawa na ile ya kwanza kwa wati 40. Katika nyumba inayotumia betri na umeme wa jua, faida yake ni kubwa, kwa kuwa betri haitaisha upesi.

Tena sauti kubwa ina hatari. Sikio likikaa katika desibeli 85 kwa saa 8 kila siku, limefika mpaka wake. Kwa kila desibeli 3 zinazozidi, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88, saa 4, desibeli 91, saa 2. Wanaofanya kazi karibu na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu hupaswa kuziba masikio, kwani usikivu uliopotea kwa kelele haurudi. Ikiwa baba yako ni mmoja wao, huenda akaona muziki ni mdogo wakati wewe unaona ni mkubwa. Siku ya kununua, mwombe muuzaji aunganishe amplifaya ndogo kwa spika zote mbili, moja baada ya nyingine, bila kugusa kitufe cha sauti, nanyi msikilize kwa zamu.