Ibn Rushd, kadhi aliyefukuzwa msikitini

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ijumaa hii tumkumbuke Abul-Walid Muhammad Ibn Rushd, Allah amrehemu. Alizaliwa Cordoba, katika Andalusi (Hispania ya leo), mwaka 520 Hijria, yaani 1126. Babu yake alikuwa kadhi na imamu wa msikiti mkuu wa mji huo. Baba yake pia alikuwa kadhi. Inasimuliwa kwamba tangu apate akili hakuacha kusoma ila usiku mara mbili tu: usiku aliofiwa na baba yake na usiku wa harusi yake.

Mwaka 1169 aliwekwa kadhi wa Sevilla, kisha wa Cordoba. Juu ya kazi hiyo aliandika al-Kulliyat, kitabu cha utabibu, na akafafanua vitabu vya Aristotle. Ufafanuzi huo ulitafsiriwa kwa Kiebrania na Kilatini, Wazungu wakausoma karne nyingi.

Lakini kinachotugusa zaidi sisi ni kitabu chake cha fiqhi, Bidayat al-Mujtahid. Humo hataji tu kauli za maimamu, bali anaeleza kwa nini wametofautiana. Tazama eda ya mwanamke aliyeachwa: neno quru katika Qur'ani lina maana ya tohara na ya hedhi pia. Imamu Malik na Imamu Shafi walishika tohara, Imamu Abu Hanifa akashika hedhi. Neno ni moja, na kila mmoja ana dalili yake.

Kisha ukaja mtihani. Mwaka 1195 Khalifa Yaqub al-Mansur alimhamishia Lucena kwa ajili ya falsafa yake, na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa. Inasimuliwa kwamba yeye na mwanawe Abdullah waliingia msikiti mmoja wa Cordoba kusali Alasiri, watu wakawafukuza. Fikiri, ndugu yangu: mjukuu wa imamu wa mji, tena kadhi wao!

Baadaye khalifa alimsamehe. Alifariki Marrakesh mwaka 595 Hijria (1198), na mwili wake ukarudishwa Cordoba. Ibn Arabi alishuhudia safari hiyo: jeneza upande mmoja wa mnyama, vitabu vyake upande wa pili, kusawazisha mzigo.

Basi ndugu, kabla hujamtoa mwenzako msikitini kwa namna anavyoweka mikono katika swala, muulize kwanza dalili yake.

Allah atuzidishie elimu na atuunganishe nyoyo. Amin.