MTWA MKWAWA: KURUDI NYUMA SI KUSHINDWA

Ndugu wanafunzi, Mtwa Mkwawa wa Uhehe hakupigana kwa pupa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, askari wake walijificha hadi kikosi cha Wajerumani kilipoingia mtegoni. Kamanda wao, Zelewski, aliuawa. Ngome ya Kalenga ilipotekwa mwaka 1894, Mkwawa aliondoka, akaendelea na vita vya msituni hadi mauti yake mwaka 1898.

Suratul Anfaal imekataza kumgeuzia adui mgongo, isipokuwa kwa mbinu ya vita au kuungana na wenzako. Basi anayeepuka ugomvi akamwendea mwalimu si mwoga. Anayekimbia somo gumu asirudi, huyo ndiye aliyekimbia vita.

Wabillahi tawfiq.