Harriette Chick, Bibi wa Mifupa ya Vienna

Mwambie mwanachuo wa hapa kwetu kwamba anaweza kupungukiwa vitamini D, atakucheka. Na jua lote hili? Lakini jua la nje halimfikii aliye ndani. Mmoja wa waliotupa ushahidi wa jambo hilo ni Harriette Chick.

Alizaliwa London mwaka 1875, binti wa mfanyabiashara wa lesi, katika familia ya Kimethodisti yenye watoto kibao. Akasoma University College London, na mwaka 1904 akapata udaktari wa sayansi. Mwaka uliofuata akaomba nafasi Lister Institute. Wanasayansi wawili wa pale wakaja juu: eti kumpokea mwanamke ni fedheha. Mkurugenzi, Charles Martin, hakuwasikiliza. Mwaka 1908 tu, mama huyo akachapisha kanuni ya jinsi dawa zinavyoua vijidudu, na hadi leo kanuni hiyo ina jina lake.

Mwaka 1919 akatumwa Vienna, Austria, pamoja na Elsie Dalyell, daktari kutoka Australia. Vita Kuu ilikuwa imekwisha, lakini mji una njaa. Maziwa shida, siagi shida. Watoto wengi walikuwa na matege. Watu wazima nao, hasa wanawake, walilalamika mgongo na miguu, wengine wakitembea kwa kuyumba kama bata. Mifupa yao ilikuwa imelainika. Walipopewa mafuta ya ini la samaki, wakapata nafuu.

Katika kliniki ya watoto, mwenyeji wao, Profesa Clemens von Pirquet, aliamini matege ni maradhi ya kuambukiza. Chick hakubishana naye kwa maneno. Alipanga watoto wachanga makundi mawili: kundi moja likala chakula cha kawaida cha kliniki, lingine likaongezewa mafuta ya samaki. Hawakutegemea macho matupu, mifupa ilipigwa eksirei. Majira ya baridi, matege yakatokea kwa waliokosa mafuta, wenzao wakabaki salama. Kiangazi kilipofika, matege mapya hayakuonekana. Waliokwisha kuugua walipona kwa mafuta, kwa kukaa juani, au kwa taa ya mionzi ya urujuanimno. Chick alikwenda Vienna akitafuta jibu kwenye chakula. Akakuta majibu mawili, chakula na jua, na yote yalikuwa kweli.

Serikali yake ilimpa cheo cha Dame mwaka 1949. Alifariki mwaka 1977, akiwa na miaka 102.

Sasa turudi kwetu. Watafiti waliopima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoshinda nje, walichapisha majibu mwaka 2012: wastani wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Chini ya 50 huhesabiwa ni upungufu. Sisi je? Asubuhi darasani, mchana maktaba, jioni kwenye simu chumbani. Ngozi nyeusi nayo inahitaji muda mrefu zaidi juani. Mtu anaweza kuonekana mzima, anacheza hata mpira wa usiku, kumbe damu yake imepungukiwa.

Basi, mapumziko ya kipindi tokeni nje. Na mifupa ikiuma wiki nzima, usilaumu godoro la hosteli tu, wala usijinunulie vidonge kiholela. Nenda zahanati, ukapimwe.