Adrien Atiman, muganga wa Karema

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, karibu mkabala na Mpala yetu ya Kongo, kuna Karema. Huko Adrien Atiman alitibu watu kwa miaka 67. Maisha yake yanawahusu wote wanaotamani kwenda Ulaya kusomea udaktari, na yanatuhusu pia sisi tunaosoma lugha.

Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 kando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Karibu mwaka 1876 Mapadri Weupe walimkomboa huko Algeria. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, aliona wamisionari wake wakifa kwa homa katika Afrika ya kati. Akaamua kuwasomesha udaktari vijana waliotoka utumwani, kisha awatume kuwa waganga na makatekista. Aliwapa elimu ya Ulaya, lakini hakutaka waishi kama Wazungu. Alitaka mwenendo wao ubaki karibu na watu watakaowatibu.

Katika miaka ya 1880 Atiman alipelekwa kusoma katika chuo kikuu cha Malta. Kisiwa hicho kina lugha iliyo jamaa ya Kiarabu, nayo iliwafaa vijana waliotoka Algeria. Mwaka 1888 alipanda meli hadi Zanzibar, akaenda na msafara bara, na mwanzoni mwa 1889 akafika Karema.

Hapo ndipo shule yake ya pili ilipoanza. Watu wa ziwa walikuwa wageni kwake kama yeye kwao: rangi ilikuwa moja, lakini lugha na desturi zilikuwa mbali. Malta ilimfundisha kukata, kushona kidonda na kupima dawa. Haikumfundisha kwamba katika jamii hizi ugonjwa ni jambo la ukoo mzima, wala kwamba ndugu huuliza nani au nini kimeuleta kabla ya kuuliza dawa yake. Atiman alijifunza lugha za hapo. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende, akawa mkwe wa watu aliowatibu. Alichunguza pia dawa za miti za wenyeji, akazitumia pamoja na zile za Ulaya. Mwanawe Joseph alipata upadri mwaka 1923. Atiman mwenyewe aliendelea na kazi hadi uzee mkubwa, akafa Karema mwaka 1956.

Hapa Goma tunamwita muganga yule wa hospitali, na yule wa miti shamba tunamwita muganga wa kienyeji. Neno ni moja, na mgonjwa mmoja huwaendea wote wawili. Ebola ya 2018 hadi 2020 ilituonyesha hatari ya kulisahau hilo: mara nyingi maelezo yalikuja kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili ambacho si kile cha nyumbani Beni na Butembo, na watu wakawaogopa waliokuja kuwaokoa. Atiman alikuwa na diploma ya ng'ambo, lakini alikaa chini kujifunza tena kutoka kwa wagonjwa wake. Kazi ya kuwafundisha waganga wetu lugha hiyo ya mgonjwa inaweza kuanzia katika kitivo chetu.