Ronald Ross na Jicho Lililofunzwa

Neno darubini lilitujia kutoka Uajemi, likiwa na maana ya kionacho mbali. Kwa chombo cha kuonea vitu vidogo tunalo neno hadubini, ingawa wengi wetu, walimu wakiwemo, tungali tukiviita vyote viwili darubini. Aghalabu vijana wanaosomea kazi ya maabara hudhani kwamba chombo ndicho kionacho. Maisha ya Ronald Ross yanaikanusha dhana hiyo.

Alizaliwa Almora, India, mwaka 1857, mwana wa ofisa wa jeshi la Uingereza. Udaktari hakuupenda, moyo wake ulikuwa katika ushairi, nao hakuuacha hadi uzeeni. Baba ndiye aliyemsukuma. Mwaka 1881 akaingia katika utumishi wa tiba huko India. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, alikuwa ameona vimelea vya malaria katika damu ya askari. Ross naye aliitazama damu ya wagonjwa wake, asione kitu, akaandika akiitilia shaka habari hiyo. Hakuwa mvivu wala mjinga. Hakuwa na wa kumwonyesha.

Alimpata London mwaka 1894. Patrick Manson alimwonyesha vimelea vyenyewe, pamoja na vichembe vyeusi vilivyomo ndani yake, akamweleza na dhana yake kwamba mbu wanahusika. Ross akarudi India.

Agosti 1897, huko Secunderabad, jasho lilikuwa limetia kutu skrubu za hadubini yake. Pangaboi hakulitaka, lisije likapeperusha mbu. Mgonjwa Husein Khan alikubali kuumwa na mbu kwa malipo ya ana moja kwa kila mmoja. Tarehe 20, katika ukuta wa tumbo la mbu mmoja, Ross aliona seli ngeni, na ndani yake vichembe vilevile vyeusi. Angevitambuaje kama hakuwahi kuonyeshwa? Mwaka uliofuata, Calcutta, alithibitisha kwa malaria ya ndege kwamba vimelea hufika katika tezi za mate za mbu. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1902.

Hakuwa mtu rahisi. Aligombana na Grassi wa Italia, hata na Manson mwenyewe, na wasaidizi wake Wahindi hawakumbukwi sana. Alifariki mwaka 1932. Lakini maabara zetu zinamdai shukrani nyingine: mwaka 1903 alieleza njia ya kutumia tone zito la damu lisilotandazwa, likaondolewa wekundu wake, ili vimelea vichache vionekane. Njia hiyo ingali ikitumika.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Vipimo vya haraka vinasaidia, lakini havihesabu vimelea. Mpimaji asiyeona vimelea vichache humrudisha nyumbani mtoto mgonjwa. Anayedhani uchafu wa rangi ni kimelea humpa dawa ya malaria mtoto mwenye nimonia. Naona si haki kumtahini mwanafunzi kwa slaidi ambazo mfano wake hakuwahi kuonyeshwa, kisha tukamlaumu. Kila chuo kiweke slaidi zilizothibitishwa, na mwalimu aketi kando ya mwanafunzi, hadubini moja, macho mawili kwa zamu. Ross alikuwa na umri wa miaka 36, daktari wa miaka zaidi ya kumi, Manson alipomketisha.