KINJIKITILE NGWALE NA KODI YA RUPIA 3



Wengi wetu tulimfahamu Kinjikitile Ngwale kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotolewa mwaka 1969, ambamo anaitwa Kinjeketile. Tulikariri dhamira na wahusika kwa ajili ya mtihani, tukasahau kwamba mtu huyu alikuwa jirani yetu. Ngarambe, alikoishi, ni ng'ambo ya mto, humu humu Rufiji. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kila mwaka makisio ya mapato na matumizi hupita mezani kwangu. Kwa hiyo nitamweleza kwa upande wa kodi.

Serikali ya Wajerumani ilitaka koloni lijilipie gharama zake. Mwaka 1898 ilianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka. Asiye na fedha alilipa kwa jasho. Mwaka 1902 Gavana von Götzen akaamuru mashamba ya pamba ya pamoja, yakisimamiwa na maakida na majumbe. Watu waliacha mpunga na mtama wao wakalime pamba ya serikali. Malipo yalikuwa madogo mno, hata wengine wakakataa kuyapokea.

Hapo ndipo alipotokea Kinjikitile. Mwaka 1904 ilisemekana amepandwa na pepo aitwaye Hongo, akazama katika kidimbwi na kesho yake akaibuka mkavu. Wamatumbi, Wakichi na Wangindo walimiminika Ngarambe kuchukua dawa ya maji. Aliwafundisha kuwa wao ni wamoja, ila wasubiri amri yake.

Njaa na fimbo havikusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba huko Nandete. Kinjikitile alikamatwa, na tarehe 4 Agosti akanyongwa Mohoro. Maji hayakuzuia risasi. Vita viliendelea hadi 1907, na Wajerumani wakachoma vyakula ili njaa imalize kazi. Wao wenyewe walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wengine wanataja hadi 300,000. Hata hivyo, mpango ule wa pamba ya pamoja ulikufa.

Nilipokuwa mtoto, alfajiri moja nilimwona baba akitoka kwa mlango wa uani, kwa sababu wanamgambo wa kodi ya kichwa walikuwa wameonekana njiani. Hakuwa mhalifu. Mpunga wake ulikuwa umechukuliwa na mafuriko. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, lakini mlango ule sijausahau.

Wadogo zangu, baadhi yenu mtakalia viti kama changu. Mtakapoandika tarakimu kwenye safu ya mapato, ulizeni kwanza atakayelipa amevuna nini mwaka huo. Rupia 3 zilionekana ndogo kwa yule aliyeziandika.