Shekhar Mehta: Mkimbizi kutoka Uganda aliyeitawala Safari

Mbio za magari zinapofika Mbarara, mazungumzo ya gereji hurudi kwenye swali lilelile: gari la zamani linaongezwaje nguvu bila kufa njiani? Swali hilo linamhusu pia mfanyabiashara anayepeleka vitenge Base Camp ya Nakivale na kurudi na maharage. Aliyelijibu vizuri kuliko wengi katika ukanda huu ni Chandrashekhar Mehta, maarufu kama Shekhar.

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia tajiri ya Wahindi wenye mashamba. Alianza mashindano akiwa na miaka 21, akiendesha BMW. Wakati huo Safari ilikuwa mali ya Afrika Mashariki yote. Ilianzishwa mwaka 1953, wakati wa kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Dereva alipaswa kujua tope na vumbi la nchi tatu.

Mwaka 1971 Mehta alishika nafasi ya pili akiendesha Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari kama hilo. 240Z ilikuwa gari la michezo la bei nafuu kutoka Japani, lenye injini ya silinda sita ya lita 2.4. Lililouzwa dukani lilihesabiwa kuwa na nguvu za farasi 151. Magari ya rali ya kiwanda yalivuka farasi 200.

Nguvu hiyo haikutokana na uchawi. Injini huvuta hewa na petroli, huchoma, kisha hutoa moshi. Kila hatua ikifanywa nyepesi, nguvu huongezeka. Mafundi wa Datsun waliondoa kabureta mbili za kawaida na kufunga tatu zenye matundu mawili kila moja, ili kila silinda ipate tundu lake. Mgandamizo uliongezwa, kamshafti ikabadilishwa ili valvu zikae wazi muda mrefu zaidi, na njia ya moshi ikapanuliwa.

Huko Marekani mambo yalikwenda kinyume. Sheria ya hewa safi ya 1970 iliwabana watengenezaji, na 240Z za mwaka 1973 zilipelekwa huko zikiwa na kabureta mpya za kupunguza moshi. Wenye magari walilalamika kwamba kwenye joto petroli ilichemka na injini ikazimika. Wengi walizing'oa na kurudisha za miaka ya nyuma.

Kwa Mehta, mtihani wa miaka hiyo ulikuwa mzito kuliko kabureta. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Maduka, viwanda na mashamba yalibaki nyuma. Familia ya Mehta ilikimbilia Kenya. Wakazi wa Nakivale, kambi iliyopokea wakimbizi wa Rwanda tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambayo leo ina Wakongo, Warundi na Wasomali, hawahitaji kuelezwa maana ya kuanza upya katika nchi ya jirani.

Pasaka ya 1973, miezi michache baada ya kuhama, Mehta alishinda Safari kwa 240Z akiwa na msomaji ramani Lofty Drews. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali. Alimaliza akiwa na adhabu sawa na Msweden Harry Källström, naye akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa.

Ushindi uliofuata ulionyesha kwamba nguvu peke yake haitoshi. Mwaka 1979 Mercedes walileta gari la injini ya lita 5 na silinda nane. Mehta, akiwa na Mike Doughty kwenye Datsun 160J ya lita 2, aliwashinda. Alirudia 1980, 1981 na 1982. Alijulikana kwa kupima mwendo: kukimbia pale barabara inaporuhusu na kulilinda gari palipo na mashimo. Springi, shokapu na rejeta zilikuwa na uzito uleule wa injini katika hesabu zake.

Ajali mbaya nchini Misri mwaka 1987 ilimwondoa kwenye usukani. Baadaye aliongoza tume ya rali ya FIA, shirikisho la dunia la magari. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60.

Mafundi bado wanaulizwa kuongeza nguvu kwenye magari makuukuu, na baadhi ya wateja hutaka kichujio cha moshi king'olewe. Faida yake mara nyingi ni ndogo, na moshi wenyewe huvutwa na watu wa barabarani. Kusafisha kabureta, kurekebisha plagi, kubadilisha chujio la hewa na kuziba rejeta inayovuja hurudisha farasi ambao gari lilikuwa nao tayari, na hugharimu kidogo kuliko kuvutwa kutoka Juru hadi Mbarara na mzigo wa nyanya ukioza.

Safari ya leo hukimbiwa Kenya peke yake. Malori ya wafanyabiashara ndiyo yanayoendelea kuvuka Mutukula na Mirama Hills kila siku.